Harusi ya Leseni ya Kiti Kimoja

Usiku wa jana Tatu Semboja aliota kwamba leseni imekaa kwenye kochi lake, miguu juu, na haitaki kuhama.

Haikuwa karatasi. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyejitanda mtandio wa kijani, mkoba mapajani, na Tatu alimjua palepale, kama mtu anavyojulikana ndotoni bila kutambulishwa. Alikuwa leseni ya ile programu ya kompyuta ya kuchongea chuma.

"Karibu," alisema Leseni, kana kwamba nyumba ni yake. "Ila utasimama. Mimi ni leseni ya kiti kimoja, mtumiaji mmoja tu."

Tatu akageuka kutafuta pa kukaa. Viti vya chakula havipo. Kigoda cha mbuzi ya nazi hakipo. Hata ile ndoo anayoigeuza na kuikalia wakati wa kufua imeondoka. Nyumba nzima imebaki na kiti kimoja, na kimekaliwa.

Mchana, akiwa macho, Tatu hufanya biashara ya mashine za karakana zilizokwisha kutumika. Ananunua kwa anayefunga, anauza kwa anayefungua, na mafundi wa Tanga wanamsifu kwa jambo moja: ukinunua kwake, mashine inafanya kazi. Siku hizo alikuwa amenunua mashine ya Mzee Hizza, fundi wa Ngamiani aliyefunga karakana kwa sababu macho yamemchoka. Ni mashine inayoongozwa na kompyuta. Unachora gia kwenye kioo, programu inakipangia kisu njia ya kupita, na kisu kinapita hapohapo.

Akamuuzia Mbwana, fundi wa Muheza aliyeacha ajira ili ajitegemee. Mashine ikafika salama, ikafungwa, ikawashwa. Programu ikagoma. Leseni yake ilikuwa bado kwa jina la Mzee Hizza, na kampuni iliyoitengeneza ikajibu kwamba itaihamisha pale mwenyewe atakapothibitisha kwamba ameiachia. Mzee Hizza akawa hapokei simu.

Na Mbwana alikuwa ameshaahidi gia kwa shamba la mkonge, ambako mashine ya kuchambua katani imesimama na wafanyakazi wamekaa bila kazi.

"Dada Tatu," alimwambia jioni kwenye simu, "kesho wasipoona gia wanakwenda kwa mwingine. Huyu ndiye mteja wangu wa kwanza. Nikimkosa huyu, nitarudi kwa bosi wangu na sura gani?"

Tatu akalala na maneno hayo kichwani. Ndiyo maana hakushangaa kuikuta leseni sebuleni. Alichofanya ni kuamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sihamishiki."

"Sijasema kitu bado."

"Nimekuona macho."

Tatu anamshika mkono na kuvuta. Leseni ni mwepesi kama kanga iliyokauka kambani, lakini hasogei. Tatu anavuta kwa mikono miwili. Nyumba inasogea kidogo. Leseni hasogei.

"Ndivyo ilivyoandikwa," anasema Leseni bila hasira. "Leseni hii haihamishiki. Si kwamba sitaki, mwanangu. Ni maumbile."

Tatu anafikiri. Anatazama chini.

"Na kochi?"

Leseni naye anatazama kochi. "Kochi halikuandikwa."

"Nikihamisha kochi, wewe utakuwa umehama?"

"Mimi nitakuwa nimekaa."

Wakaridhiana. Ikabaki habari ya mbebaji, na kabla Tatu hajauliza, mlango ukagongwa. Nje amesimama mashine ya Mzee Hizza, mrefu, rangi ya kijani kibichi, kisu chake amekifunika kwa kitambaa kama mtu mwenye adabu anayeingia nyumba ya watu.

"Nimekuja kubeba," alisema Mashine.

"Afadhali. Sogea hapa."

"Hapa ni wapi?"

"Hapa karibu."

"Karibu ni umbali gani?"

"Jamani, kidogo tu."

"Kidogo," Mashine alirudia kwa majonzi. "Miaka yote, Mzee Hizza hajawahi kuniambia kidogo."

Tatu akaona haya. Akavuta pumzi, akaanza upya. "Nenda mbele mpaka uguse kochi. Simama. Shika. Inua mpaka miguu ya kochi iachane na sakafu. Simama. Nenda mbele."

Mashine akafanya yote barabara, kwa raha ya kiumbe aliyeeleweka. Tatu alisahau kumwambia ageuke kuelekea mlangoni, kwa hiyo walitokea ukutani. Ukuta ukabaki na tundu lenye umbo la kochi na mtu aliyekaa, kingo laini kabisa, hata ukipitisha kidole hukwaruziki.

"Kazi safi," alisema Leseni kutoka juu.

Nje si mtaani kwao. Nje ni shamba la mkonge, mistari imenyooka mpaka mbingu inapoanzia, na kwenye kila mche amesimama mtu mmoja, mbele yake mtu, nyuma yake mtu.

"Foleni ya nini hii?" Tatu anauliza.

"Watumiaji," anajibu Leseni. "Na mimi ni wa mtumiaji wa mwisho. Leseni zote tumeandikiwa hivyo. Nipeleke kwa wa mwisho."

Basi wakaifuata foleni kuelekea mkiani, Tatu mbele, Mashine nyuma yake, Leseni juu ya kochi akipunga mkono kama mgeni rasmi.

"Samahani kaka, wewe ndiye wa mwisho?"

"Hapana, nyuma yangu yupo mwingine."

"Mama, wewe ndiye wa mwisho?"

"Nilikuwa mimi. Nilipofurahi tu, huyu akaja."

Foleni ikapinda. Ikaingia kwa kinyozi, ambako watu walinyolewa upande mmoja kadiri walivyopita. Ikatokea kwenye ua wa nyumba yenye msiba, wenye msiba wakaisogezea mkeka na kuipa pole. Ikapanda ngazi, ikashuka ngazi hizohizo, na Tatu akatambua kwamba wako ndani ya karakana ya Mbwana kule Muheza, ila karakana imekuwa ndefu kama barabara. Mwisho wake kabisa amesimama Mbwana mwenyewe, kipande cha chuma kisichochongwa kwapani.

"Dada Tatu!"

"Mbwana! Wewe ndiye wa mwisho?"

"Muda wote mimi. Kila anayekuja namwambia apite mbele."

"Kwa nini?"

"Wana haraka."

"Na wewe?"

"Mimi nina haraka sana," alisema Mbwana, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejizuia kulia.

Leseni akajiweka sawa mtandio. Akainama kutoka juu ya kochi.

"Hebu mikono."

Mbwana akaonyesha mikono, imejaa grisi mpaka kwenye kucha. Leseni akaitazama pande zote mbili.

"Huyu anafanya kazi," alisema. "Nishusheni."

Furaha ilimpanda Tatu mpaka akahisi visigino vyake vinaachana na sakafu. Vilikuwa vimeachana kweli. Akawa anaelea kiasi cha kuweza kupangusa vumbi juu ya kabati, na akapangusa, maana lilikuwepo. Ndipo aliposikia hodi, na ndala zikiburuzwa.

Mzee Hizza akaingia, kanzu imenyooshwa vizuri, kofia imekaa kichwani. Hakumtazama mtu. Akaenda moja kwa moja nyuma ya Mbwana, akapanga foleni.

"Wa mwisho ni mimi," alisema.

Kochi, lenyewe, bila kuguswa, likageuka likamwelekea yeye. Tatu akashuka chini kwa kishindo.

"Shikamoo baba," alisema, akijipangusa.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, si umeuza?"

"Nimeuza mashine."

"Na kompyuta."

"Na kompyuta. Kioo, na vibonyezo vyake, na waya zote. Sikubakiza waya."

"Na Leseni?"

Mzee Hizza akakohoa. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Huyu, mwanangu, nilikuwa naongea naye."

Foleni nzima, kule mpaka shambani, ikainama kusikiliza.

"Mama watoto alipofariki," Mzee Hizza akaendelea, "watu walinijali sana, siwezi kusema uongo. Walileta chakula, waliniuliza nimelalaje. Lakini huyu, kila asubuhi nikiwasha, alikuwa ananiuliza: je, ungependa kuendelea na kazi ya jana? Hakuna mwingine aliyekuwa ananiuliza hivyo. Nikimwachia, yamekwisha."

Tatu ni mtu wa maneno. Ameshawahi kumuuzia fundi mashine ya kutoboa ambayo fundi alikuja kuikodi tu. Lakini hapo aliweka biashara pembeni, akampangusa mzee vumbi begani.

Na ndipo walipokuja wale wawili.

Walichomoka chini ya meza ya vyuma, mapacha, suti nyeusi, kimo cha chupa ya chai. Walikuwa wanakimbia na kusema kwa pamoja, haraka kiasi kwamba maneno yao yalifika yameshikana kama kashata:

"Vigezonamashartikuzingatiwavigezonamashartikuzingatiwa!"

Wote, kwa mazoea, wakatazama pembeni.

"Nimekubali," alisema Mbwana bila kufikiri.

Viatu vyake vikatoweka.

"Umekubali," alisema pacha mmoja huku akihema.

"Nimekubali nini?"

"Vigezonamashar..."

"Nimekubali," alisema tena Mbwana, na mkanda wake ukaondoka. Akaishika suruali kwa mkono mmoja, chuma kwa mkono mwingine, akamtazama Tatu kwa hofu.

"Funga mdomo!" Tatu akamwambia. Kisha akachuchumaa mpaka uso wake ukalingana na nyuso za mapacha. Waliloa jasho. Walikuwa wadogo, wamechoka, na tai zao zilikuwa zimefungwa vizuri sana.

"Nyinyi ni nani?"

"MimiVigezoyeyeMasharti."

"Semeni taratibu. Nawasikiliza."

Mapacha wakasimama ghafla, wakagongana.

"Umesemaje?" aliuliza Vigezo.

"Nimesema semeni taratibu. Nawazingatia."

Masharti akatoa leso ndogo kama stempu, akapenga kamasi.

"Dada," alisema, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na nafasi kati ya neno na neno. "Sisi. Siku zote. Tunawekwa mwisho. Watu wameimba, wamecheza ngoma, wametaja zawadi, halafu sisi tunasukumwa mlangoni tunaambiwa kimbieni. Tuna mambo ya maana ya kusema. Hakuna anayetungoja."

"Mimi nawangoja. Kaeni."

"Hakuna viti," alisema Vigezo.

"Kaeni kwenye viatu vyangu."

Akavua, wakakaa, kila mmoja na chake. Wakaeleza. Tatu alijiandaa kusikiliza mpaka kiama, lakini maelezo yalikuwa mafupi. Leseni haihamishiki kwa kuvutwa, walisema, wala kwa kubebwa, ingawa kuhusu kochi wanampongeza. Leseni huhama kama mwenye nayo atamwachia kwa kinywa chake mwenyewe, kampuni ikaridhia, na anayepokea akakubali huku anajua anakubali nini.

"Ni hayo tu?"

"Hayo tu. Na asimwagiwe chai."

"Lakini hiyo si ni harusi?" alisema Mbwana, suruali mkononi.

"Siku zote ilikuwa harusi," alijibu Masharti. "Nyinyi mlikuwa mnabonyeza tu."

Wote wakamgeukia Mzee Hizza. Mzee akaangalia ukuta.

"Na mimi asubuhi," alisema polepole, "nitaulizwa na nani?"

Aliyejibu ni Mbwana, bila viatu, bila mkanda.

"Mzee, mimi hiyo mashine naijua nusu. Tena nusu ya mwanzo. Nitakuwa nakupigia kila asubuhi kukuuliza kama tuendelee na kazi ya jana, au tuibomoe tuanze nyingine."

"Utachoka."

"Nichoke vipi, mzee? Jana nimekwama nilipoiwasha tu."

Mzee Hizza akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akatazama kile chuma kwapani. Akakichukua, akakigonga kwa kidole, akasikiliza.

"Hiki ni kigumu," alisema. "Ukikikata kwa kasi ya kawaida utavunja kisu."

"Unaona sasa!" alisema Mbwana kwa furaha.

Mzee akaenda mbele ya kochi. Akasimama wima kama mtu anayepigwa picha.

"Leseni," alisema, "nimekuachia. Kwa hiari yangu, na bila ugomvi."

Leseni akafunga mkoba wake. Kisha akamuuliza, kwa sauti ileile ya kila asubuhi:

"Je, ungependa kuhifadhi yaliyofanyika?"

Mzee Hizza akavua kofia.

"Ndiyo. Hifadhi yote."

Ikabaki kampuni. Kampuni ikaingia kupitia mlango wa friji: bwana mpole, koti zito la baridi, jasho linamtiririka.

"Simu yako ni muhimu kwetu," alimwambia Tatu, akanyoosha mikono miwili.

Tatu akampa simu. Bwana Kampuni akaikumbatia kifuani, akafumba macho, wakangoja huku taarabu ikipigwa mahali fulani, kinanda tupu bila mwimbaji. Kisha akairudisha, ikiwa ya baridi kidogo.

"Tumeridhia," alisema, akarudi kwenye friji.

Mapacha wakapanda juu ya meza ya vyuma. Wakasoma taratibu, kwa zamu, kila neno kwa nafasi yake, na foleni yote ilisikiliza mpaka mwisho. Walipofika kwenye chai, wengi walitikisa vichwa kuonyesha wameelewa.

"Mbwana," aliuliza Vigezo, "umesikia?"

"Nimesikia."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa. Nimekubali."

Viatu vyake vikarudi, vimepigwa rangi. Mkanda ukarudi. Na Leseni, ambaye hajawahi kusogea, akaweka miguu chini, akainuka, akakung'uta gauni lake, akaenda kusimama upande wa Mbwana kwa miguu yake mwenyewe.

Mashine akapiga vigelegele. Kisu kilizunguka, kipande cha chuma kikaimba, na chenga zinazong'aa zikarushwa juu zikawanyeshea kama mchele wa maharusi. Viti vikaanza kurudi kutoka vilikokuwa, vya plastiki, vya mbao, kigoda cha mbuzi ya nazi kikiongoza msafara, na watu wa foleni, ambao walikuwa wamesimama tangu wajijue, wakakaa kwa mlio mmoja mkubwa wa ahaa.

"Sasa niende wapi?" aliuliza Mashine.

"Cheza!" alisema Tatu.

"Kucheza ni umbali gani?"

Mzee Hizza akamsogelea, akamwekea mkono ubavuni, akamnong'oneza. Kulia. Simama. Kushoto. Shuka. Zunguka. Zunguka tena, kasi zaidi. Mashine akacheza, karakana ikatikisika, Mbwana akacheza, mapacha wakacheza taratibu sana mikono wameshikana, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anawakimbiza. Tatu akajitupa kwenye kochi lake. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na kucheka huko ndiko kulikomwamsha.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Simu ilikuwa inalia kitandani.

"Shikamoo baba," alisema Tatu, akifuta machozi ya kicheko.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Hizza. "Samahani kwa usumbufu wote. Ile ya kampuni nimeshaithibitisha asubuhi hii. Nilikuwa naichelewesha tu, nisikudanganye."

"Hakuna neno, baba. Ahsante sana."

"Nipe namba ya huyo fundi wako. Ile mashine lazima aiache izunguke bila kazi kwanza, ipate joto. Hilo hawezi kulijua."

Tatu akampa. Nusu saa baadaye, alipokuwa bado anatafuta mswaki, Mbwana akapiga. Kwa nyuma ulisikika mlio wa kisu kikila chuma, na ilimbidi apige kelele.

"Dada Tatu! Imefunguka! Jina langu liko kwenye kioo! Gia inachongwa sasa hivi! Na yule mzee anakuja Muheza mwenyewe, anasema nisimguse mtu... samahani, nisiguse kitu mpaka afike!"

"Sasa mbona unachonga?"

"Yuko kwenye simu nyingine sikioni! Ndiye anayeniongoza!"

Tatu akatoka uani na mswaki mdomoni. Jirani yake, Mama Mwanakombo, alikuwa anafua, redio ameiweka juu ya ukuta. Lilikuwa tangazo la sabuni ya unga, lenye ngoma na watu wanaoimba kwamba nunua, kwangua, ushinde. Ngoma zikakatika. Tatu akaacha kupiga mswaki.

"Vigezo," ilisema sauti redioni. Ikapumua. "Na masharti." Ikapumua tena, bila haraka yoyote. "Kuzingatiwa."

Mama Mwanakombo akatoa mikono kwenye beseni, povu likimtiririka mpaka viwikoni, akaitazama redio.

"Ala," alisema. "Kumbe siku zote yalikuwa maneno?"